Hamed bin Muhammed, Aliyeitwa Tippu Tip: Tusimpambe Wala Tusimfiche

Bismillah. 

Ndugu Waislamu, shukrani zote tunamrudishia Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha tena katika siku hii tukufu ya Ijumaa. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, maswahaba zake, na kila mwenye kufuata njia yao mpaka siku ya Kiyama.

Katika karatasi hii tumezoea kusoma maisha ya maswahaba na wanazuoni. Leo tutasoma maisha ya mtu ambaye hakuwa swahaba wala mwanazuoni. Alikuwa mfanyabiashara na mtawala, na alikaa hapa hapa penye maporomoko ya mto wetu. Jina lake ni Hamed bin Muhammed bin Juma bin Rajab el Murjebi, na wengi wanamjua kwa jina la Tippu Tip.

Sababu ya kumchagua ni mambo mawili. La kwanza, watoto wetu wanapokuwa shuleni na mwalimu akafika katika somo la biashara ya watumwa, wenzao hugeuka na kuwatazama wao. Mtoto anarudi nyumbani anamuuliza baba yake kama ni kweli babu zetu waliuza watu. Baba anamwambia anyamaze, hayo ni maneno ya Wazungu. Mtoto ananyamaza, lakini hajajibiwa.

La pili liko ndani yetu wenyewe. Katika kazi ya kufungisha ndoa nimewahi kukaa katika baraza ambapo posa ya kijana mwenye dini na kazi ilirudishwa. Sababu haikusemwa mbele ya watu. Ilinong'onwa mlangoni, kwamba babu ya babu yake alikuwa mtu wa kununuliwa. Na yule aliyenong'ona alikuwa mweusi sawasawa na yule aliyekataliwa. Mambo haya mawili, ndugu zangu, yana mzizi mmoja, nao ni kunyamaza. Kwa hiyo leo tuseme.

KUZALIWA KWAKE NA DAMU YAKE

Hamed alizaliwa Unguja karibu na mwaka 1837. Baba yake Muhammed bin Juma na babu yake Juma bin Rajab walikuwa wafanyabiashara wa pwani, miongoni mwa watu wa mwanzo kuingia bara kutafuta pembe za ndovu. Mama yake alikuwa binti wa Kiarabu wa asili ya Maskati. Lakini katika upande wa baba, mmoja wa mabibi zake wa zamani alikuwa mwanamke wa Kiafrika wa Mbwamaji, kijiji cha pwani kusini ya Dar es Salaam.

Damu hiyo ilionekana usoni. Wageni waliomwona waliandika kuwa alikuwa mtu mrefu, mweusi, mwenye ndevu, mwenye heshima na maneno mazuri, na picha zake zilizobaki zinaonyesha hivyo. Kama angepita leo katika soko letu kuu bila kilemba na jambia, hakuna mtu angegeuka kumtazama. Hata hivyo aliitwa Mwarabu, na yeye mwenyewe alijihesabu kuwa Mwarabu, kwa kuwa nasaba ilifuatwa kwa baba.

Hapa tufahamu jambo moja. Katika zama zile Uarabu haukuwa rangi peke yake. Ulikuwa ukoo, nguo, dini, mali na bunduki. Neno mshenzi, ambalo leo tunamtukania mtu asiye na adabu, lilikuja huku na misafara. Watu wa pwani waliwaita hivyo watu wote wa bara wasiokuwa Waislamu, hata wawe wafalme katika nchi zao. Kinyume chake ni mungwana, yaani mtu huru. Hata neno ustaarabu, ukilitazama asili yake, maana yake ni kuwa kama Mwarabu. Basi kwa maneno haya watu wa ngozi moja waligawanywa, huyu juu na huyu chini, na maneno hayo bado yamo vinywani mwetu.

SAFARI ZAKE NA JINA LAKE

Hamed alianza biashara akiwa na umri wa miaka kama 12, akiuza sandarusi katika pwani. Alipofika miaka kama 18 alifuatana na baba yake mpaka Unyanyembe, karibu na Tabora, na kutoka huko akaenda Ujiji, akavuka ziwa Tanganyika. Baba yake alikuwa amemuoa binti wa Fundikira, mtemi wa Unyanyembe, na kwa ndoa ile alipata nguvu na mali. Tazameni: huyu aliyehesabiwa Mwarabu alistawi kwa kuwa mkwe wa mfalme wa Kinyamwezi.

Mwaka 1867 Hamed alipigana na Nsama, mfalme wa Itawa, nchi iliyo kati ya maziwa Tanganyika na Mweru. Nsama alikuwa mtu wa kuogopwa, lakini wenye bunduki walikuwa wachache na mishale ilikuwa mingi, na bunduki zikashinda. Hamed alipata pembe nyingi sana. Inasemekana jina la Tippu Tip lilitokana na vita hivyo, kwa mlio wa bunduki zake. Wengine wanasema ni kwa sababu alikuwa akipepesa macho. Mwaka huo huo alikutana na mmisionari Livingstone, akamsaidia, kama alivyowasaidia wageni wengi baadaye.

KUDAI UJOMBA KATIKA UTETERA

Katika miaka ya mwanzo ya 1870 aliingia nchi ya Utetera, ng'ambo ya mto Lomami. Huko alikuwako mfalme mzee aitwaye Kasongo Rushie, ambaye zamani dada zake wawili walichukuliwa mateka katika vita na watu wa Urua, wasirudi tena. Hamed alikuwa ameisikia habari hiyo njiani. Alipofika alieleza kwamba babu yake mzaa mama alimnunua mmoja wa wanawake wale, akamfanya mke, na kwamba yeye Hamed ni mjukuu wa mwanamke yule. Mzee Kasongo Rushie alifurahi mno kumwona mtoto wa dada yake aliyepotea, akamkabidhi ufalme, na pembe zikawa zinaletwa kwake.

Habari hii ameieleza Hamed mwenyewe katika kitabu cha maisha yake, na wanahistoria wanaiona kuwa ni hila. Lakini tuizingatie vizuri. Damu ya mwanamke mweusi, damu ya mateka aliyenunuliwa, wengine wanaificha kwa aibu hata leo. Yeye aliitangaza mbele ya watu kwa sababu ilimpa kiti na mali. Ilipokuwa na faida alikuwa mtoto wa nyumba. Isipokuwa na faida, watu wale wale walikuwa washenzi. Huu ndio ubaya wa jambo la asili: mtu huikumbuka panapo chakula na huisahau panapo kazi.

KASONGO, NA KUKUTANA NA STANLEY

Mwaka 1875 Hamed alikaa Kasongo katika Maniema, akapafanya makao yake makubwa. Mashamba yalilimwa, mpunga ukapandwa, nyumba za udongo zikajengwa, njia zikafunguliwa kwenda Nyangwe, Ujiji na pwani. Lugha ya Kiswahili ikaenea na Uislamu ukaingia. Hizi ni neema, na hatuzikani. Sisi tunaoswali leo hapa Kisangani tumeupata Uislamu kwa njia ile.

Lakini mkono ule ule uliotandika mkeka wa kuswalia ulishika mnyororo. Vijiji vilivamiwa alfajiri, wanaume waliuawa, wanawake na watoto walifungwa. Wengine walipelekwa mbali, wengine walibaki mashambani na majumbani, na wengine walibebeshwa pembe mpaka baharini. Pembe zilihesabiwa kwa frasila, na frasila moja ni kama kilo 16. Katika kitabu chake Hamed anazihesabu frasila kwa uangalifu wa mfanyabiashara, lakini walio wengi waliozibeba hawana majina.

Wako wanaosema kuwa hiyo ilikuwa desturi ya zama zile. Ni kweli ilikuwa desturi. Lakini sheria ya dini ilikuwa juu ya desturi, nayo haikuwa ngeni kwao. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba mtu anayemuuza mtu huru akala thamani yake, Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa mshitaki wake siku ya Kiyama. Watu wa vijiji vyetu walikuwa huru, kila mmoja na baba yake na mama yake. Uvamizi ule haukuwa jihadi. Ulikuwa biashara.

Mwaka 1876 Stanley alifika Maniema, akapatana na Hamed amsindikize kuteremka mto kwa ahadi ya dola 5,000. Hamed alimsindikiza sehemu ya njia, akarudi mwisho wa mwaka ule. Stanley akaendelea, na mwezi wa Januari 1877 akapita maporomoko haya ya Wagenia, ambayo Wazungu wakayapa jina lake kana kwamba Wagenia hawakuwa wakivua hapo tangu zamani.

MWANAMKE WA MWAKA 1886

Mwezi wa Desemba 1883 Stanley aliacha stesheni katika kisiwa kilicho karibu na maporomoko, kwa ajili ya mfalme Leopold wa Ubelgiji. Watu wa Hamed nao walikuwa wamefika. Wakakaa karibu karibu, kila mmoja akimwangalia mwenzake.

Mwaka 1886, Hamed akiwa safarini Unguja, mwanamke mmoja mtumwa alimkimbia bwana wake, akaingia katika stesheni kuomba hifadhi. Mkubwa wa stesheni, Muingereza aitwaye Deane, alikataa kumrudisha. Mwezi wa Agosti vita vikawaka, na baruti ilipokwisha Deane aliichoma stesheni akakimbilia msituni.

Ndugu zangu, tunayo majina ya wakubwa wa pande zote mbili katika habari hii. Jina la mwanamke yule hatunalo. Hatujui alitoka kijiji gani wala mama yake alikuwa nani. Lakini yeye ndiye aliyetoa ushahidi wa kweli kuliko wote, maana mtu anayetendewa vizuri hamkimbii bwana wake na kuingia kwa mgeni asiyemjua lugha. Mtu akikuambia kuwa watumwa wa zamani walikuwa kama watoto wa nyumbani, mkumbushe mwanamke huyu.

WALI WA MAPOROMOKO

Mwezi wa Februari 1887, huko Unguja, Hamed alitia saini mkataba na Stanley. Alifanywa wali wa maporomoko kwa jina la Leopold, kwa mshahara wa paundi 30 kwa mwezi. Kazi yake ilikuwa kupandisha bendera ya Dola Huru ya Kongo na kuzuia biashara ya watumwa isishuke chini ya maporomoko. Alizunguka kusini ya Afrika kwa merikebu pamoja na Stanley, akaingia mdomo wa mto Kongo, akapanda mto mpaka hapa, akafika mwezi wa Juni 1887.

Leopold alijua wazi Hamed ni nani, na Hamed alijua Leopold anataka nini. Kila mmoja alinyamaza kwa faida yake. Yule aliyekuwa akijigamba huko Ulaya kuwa anapigana na biashara ya watumwa ndiye aliyemlipa mshahara mkubwa wa biashara hiyo.

Mwaka 1890 Hamed aliondoka, akarudi Unguja, kwa sababu Stanley alimshitaki akimdai kuvunja ahadi ya wapagazi. Shitaka lile halikufika popote. Kiti cha hapa kikabaki kwa Rashid, mtoto wa ndugu yake.

VITA NA MAJINA TULIYOPEWA

Mwaka 1892 vita vilianza kati ya serikali ya Leopold, ambayo watu waliiita Bula Matari, na Waarabu wa Maniema. Nyangwe ilianguka mwezi wa Machi 1893, Kasongo mwezi wa Aprili. Mwezi wa Mei vita vilifika hapa maporomoko, na Rashid akakimbia. Sefu, mtoto wa Hamed, aliuawa mwezi wa Oktoba. Vitabu vinaviita vita vya Wazungu na Waarabu, lakini waliopigana na kufa kwa pande zote mbili walikuwa zaidi watu weusi. Mmoja wao ni Gongo Lutete, aliyekuwa mtumwa utotoni, akapanda cheo akawa mkubwa wa majeshi chini ya Hamed, kisha akahamia upande wa Bula Matari. Bula Matari nao wakamuua mwaka ule ule wa 1893.

Baada ya vita walikuja kusema kwamba wamewakomboa watu. Lakini mpira ulipohitajika, watu wale waliokombolewa walilazimishwa kuingia msituni, wake zao wakashikwa rehani, vijiji vikachomwa na mikono ikakatwa. Kisha wakatuita waarabize, yaani watu waliofanywa Waarabu, wakatutenga katika vijiji na mitaa yetu. Na kwa kuwa shule zilikuwa mikononi mwa misioni, watoto wengi wa Kiislamu walibaki nje.

Na hao waarabize walikuwa kina nani? Waarabu wa kuzaliwa walikuwa wachache, na wengi wao waliuawa au walirudi pwani. Waliobaki ni Wakusu, Watetela, Wagenia, Walokele na makabila mengine ya Kongo. Wengi waliingia katika nyumba za Waarabu kama watumwa, wakasilimu, wakavaa kanzu, wakajiita wangwana. Hao ndio babu zetu. Kwa hiyo mtoto wetu anapoitwa shuleni mtoto wa wauza watu, mara nyingi anayetukanwa ni mjukuu wa waliouzwa. Na sisi tunapojivunia Uarabu, mara nyingi tunajivunia jina la aliyetununua.

KITABU CHAKE NA KUFA KWAKE

Hamed alimaliza siku zake Unguja akiwa tajiri. Inaelezwa kuwa mwaka 1895 alikuwa na mashamba 7 na watumwa 10,000. Mwaka 1897 utumwa uliondolewa katika sheria ya Zanzibar. Katika uzee wake, Mjerumani Heinrich Brode alimwomba aandike maisha yake, naye akayaandika kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu kama hizi tulizofundishwa chuoni. Brode aliyachapisha mwaka 1902 na 1903. Wanazuoni wa lugha wanakihesabu kitabu hicho kuwa cha kwanza cha mtu kueleza maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili.

Hamed bin Muhammed alifariki Unguja mwezi wa Juni 1905 kwa homa ya malaria. Nyumba yake ipo mpaka leo katika Mji Mkongwe. Hesabu yake iko kwa Mola wake, wala sisi si mahakimu wake.

Huko Unguja alikozikwa, mambo ya Uarabu, Uafrika na utumwa yaliendelea kunong'onwa kwa miaka mingi, kila upande na simulizi yake. Mwezi wa Januari 1964 yalilipuka, na watu wengi wa asili ya Kiarabu waliuawa, wakiwemo watu ambao hawakuwahi kumfunga mtu mnyororo. Na sisi tusione kuwa hilo liko mbali. Mwaka 2023, hapa kwetu Lubunga, Wambole na Walengola walimwaga damu kwa ajili ya ardhi na swali la nani mwenyeji. Majirani wasipozungumza mapema kwa maneno, siku moja huzungumza kwa mapanga.

MAFUNZO

Ndugu Waislamu, katika maisha haya tuchukue mambo matatu.

La kwanza, kusema kweli juu ya wazee si kuwatukana. Abu Dharr (r.a.), swahaba mtukufu, siku moja aligombana na mtu akamwaibisha kwa mama yake, na wapokezi wengine wanasema mtu huyo ni Bilal na aibu ilikuwa weusi wa mama yake. Mtume (s.a.w.) hakunyamaza kwa sababu Abu Dharr ni rafiki. Alimweleza wazi kuwa bado ndani yake umo ujahili. Na habari hii tumeipata kwa nani? Tumeipata kwa Abu Dharr mwenyewe. Aliulizwa kwa nini mtumishi wake amevaa nguo sawa na yake, naye akaeleza kosa lake la zamani bila kulipamba. Hakupungukiwa na heshima. Ikiwa swahaba ameweza kusimulia kosa lake mwenyewe la kudharau watu, sisi tunashindwaje kusimulia makosa ya watu waliokufa zaidi ya miaka mia moja?

La pili, ukweli usemwe wote. Wanaotufundisha kuwa Waarabu waliuza watu wamesema kweli. Wasipoeleza na mikono iliyokatwa kwa ajili ya mpira, wamesema nusu. Na sisi tukieleza ya Leopold tukaficha ya Kasongo na Nyangwe, tumesema nusu nyingine. Nusu mbili za namna hii haziungani kuwa kweli moja, zinabaki kuwa fimbo mbili za kupigana. Jirani yako Mgenia au Mlokele akikueleza kwamba bibi yake alichukuliwa usiku na watu wa bunduki, usianze kujitetea. Msikilize mpaka mwisho, umpe pole, kisha umweleze na wewe babu yako alifikaje hapa. Huenda mkagundua kuwa bibi yule aliyechukuliwa ndiye bibi yako.

La tatu, tuanze na nyumba zetu. Mwenyezi Mungu ametueleza katika Sura ya Al-Hujurat, aya ya 13, kuwa ametuumba kwa mwanamume na mwanamke, akatufanya mataifa na makabila ili tujuane, na kwamba mbora wetu kwake ni mcha Mungu zaidi. Kujuana hakupatikani kwa minong'ono. Mtume (s.a.w.) katika hija yake ya kuaga alifundisha kwamba Mwarabu hana ubora juu ya asiye Mwarabu, wala mweupe juu ya mweusi, isipokuwa kwa ucha Mungu. Basi mzazi anayerudisha posa kwa sababu ya babu aliyenunuliwa, ajue anaikataa hija ile mlangoni mwake. Kama ana sababu ya haki, aitaje mbele ya baraza. Kama hawezi kuitaja mbele ya watu, hiyo si sababu ya haki. Na maneno kama mshenzi na mtumwa, tusiyatumie kumtukania mtu, wala mbele ya watoto.

Wazee wangu, ninyi mnaojua babu zenu walifika hapa kutoka wapi na kwa hali gani, waelezeni wajukuu kabla hamjaondoka. Mwenye kutoka kwa bwana aseme, na mwenye kutoka kwa mtumwa aseme. Hakuna aibu kwa aliyefungwa. Aibu ilikuwa ya aliyefunga, nayo hairithiwi na mtoto, ila mtoto akiipenda.

Na mtoto akirudi kutoka shule akauliza swali lile, msimwambie anyamaze. Mwambieni kwamba ndiyo, wako Waislamu waliouza watu, na walivunja amri ya Mola wao. Mwambieni kwamba wengi wa babu zetu walikuwa katika waliouzwa, na kwamba walipoujua Uislamu waliupenda, wakaushika hata baada ya mabwana wao kukimbia. Mwambieni kwamba yeye ni Mkongomani na ni Muislamu, na hana haja ya kuwa Mwarabu ili awe mtu. Kisha mwacheni arudi shuleni aseme hayo mbele ya wenzake bila kuinamisha kichwa.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atutakase nyoyo zetu na kiburi cha ukoo na cha rangi, awarehemu wote waliokufa katika njia zile wasiojulikana majina yao wala makaburi yao, na aupe mji wetu wa Kisangani amani. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Tanbihi: Karatasi hii ina jina la Mwenyezi Mungu, tafadhali usiitupe ovyo. Usiisome wakati khatibu yuko juu ya mimbari. Ukimaliza kuisoma, mpe jirani yako.